Ikaga, mnyama wa Bwami

Kwa Balega wa Mwenga, Shabunda na Pangi, ikaga, yule kakakuona mkubwa wa pori, hakuwa nyama ya chungu cha kila siku. Wazee walisema ni yeye aliyefundisha watu kuezeka nyumba kwa majani: tazama tu magamba yake namna yanavyolaliana, utaona paa la kwetu. Kumuua ilikuwa mwiko. Akipatikana amekufa, habari ilipelekwa kwa wakubwa wa Bwami, na nyama iligawanywa kwa sherehe. Mtu hakujilia peke yake.

Basi mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ikakataza Bwami. Waliogopa siasa ndani yake; hawakuona kama wanaondoa pia mlinzi wa mnyama. Bwami haikufa, lakini nguvu yake ya kuhukumu ilipungua, na kwa maoni yetu hapo njo mlango ulianza kufunguka.

Leo magamba ya kakakuona yanapitishwa kwa siri mpaka Asia, eti ni dawa, kumbe ni kitu kile kile cha kucha zetu. Mwaka 2016, huko Johannesburg, nchi za mkataba wa CITES zilikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya aina zake zote 8. Kwetu Kongo iko pia sheria ya mwaka 2014 juu ya kulinda viumbe vya asili. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kifaransa. Mwiko wa ikaga ulifundishwa kwa Kilega, na sisi walimu tunaomba uingie katika vitabu vya darasa mbele wazee wanaoujua watuache.