Elimu ya Viziwi: Kutoka Paris hadi Milano, na Kwetu



Katika sura ya 7 ya Injili ya Marko tunasoma habari za kiziwi aliyeletwa kwa Yesu. Kabla ya kumponya, Bwana alimtenga na umati, akamgusa masikio na ulimi. Alisema naye kwanza kwa lugha ambayo mtu yule aliweza kuielewa. Juma hili tuitazame historia ya shule za viziwi kwa mwanga wa tendo hilo.

Kwa karne nyingi wengi huko Ulaya walidhani kwamba asiyesikia hafundishiki. Katika karne ya 16 mmonaki Mbenediktini wa Hispania, Pedro Ponce de León, alithibitisha kwamba sivyo: katika monasteri ya Oña aliwafundisha watoto viziwi kusoma, kuandika na hata kusema. Hata hivyo, wanafunzi wake walitoka katika familia za makabaila, na maskini walibaki nje.

Aliyewafungulia maskini mlango ni padre Mfaransa, Charles-Michel de l'Épée, aliyezaliwa mwaka 1712. Huko Paris alikutana na mabinti wawili wa familia moja, wote viziwi, ambao mwalimu wao alikuwa amefariki. Akihofu kwamba wangekua bila kuijua imani, aliamua kuwafundisha. Alianza kwa kutazama ishara ambazo viziwi wenyewe walizitumia, akajifunza kwao, kisha akaongeza ishara za sarufi ya Kifaransa. Shule yake haikudai ada. Alifariki mwaka 1789, na mwaka 1791 Bunge la Ufaransa likaiweka shule hiyo chini ya ulinzi wa taifa. Laurent Clerc, kiziwi aliyesoma na kufundisha hapo, alivuka bahari mwaka 1816, na mwaka uliofuata akashiriki kuanzisha shule ya viziwi Hartford, Marekani.

Lakini Septemba 1880 walimu wa viziwi walikutana Milano, Italia, chini ya uenyekiti wa padre mwingine, Giulio Tarra. Wajumbe walizidi 160, na kiziwi alikuwa mmoja tu. Waliamua karibu kwa kauli moja kwamba ishara ziachwe na watoto wafundishwe kwa matamshi peke yake. Nia yao haikuwa mbaya: waliamini kwamba kusema kungewaunganisha viziwi na jamii. Matokeo yake, katika nchi nyingi walimu viziwi walipoteza kazi, na watoto wakakatazwa kutumia mikono yao darasani. Ikapita miaka 130 hadi mkutano wa Vancouver, Kanada, mwaka 2010, ulipoyakataa maazimio hayo na kueleza majuto.

Mapadre wawili, upendo uleule, matunda tofauti. Mmoja alijifunza kwa viziwi kabla ya kuwafundisha. Mwingine aliongoza baraza lililoamua juu yao karibu bila wao. Upendo usiosikiliza waweza kumfunga yule unayetaka kumfungua.

Kwetu Tanzania, Kanisa Katoliki lilifungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, unadai shule zirahisishe kujifunza lugha ya alama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inaiagiza serikali kuikuza lugha hiyo. Basi haki hii si fadhila ya mwenye huruma.

Nasi tujiulize: mtoto kiziwi akija katekesi, nani atazungumza naye kwa mikono? Jumuiya zetu ndogondogo ziwatafute watoto wa namna hii waliofichwa majumbani, na tuwaombe viziwi waliokomaa wawe walimu wetu. Wao wanajua njia.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote.