Mwenye kinga akigongwa Kasuku, nani anaandika?

Leo siandiki juu ya wafalme wala majenerali. Naandika juu ya kinga, ile baiskeli yetu ya kila siku, na juu ya karatasi moja ambayo mwenye kinga wa Kindu hana kawaida ya kuiomba.

Nianze nyumbani. Mjomba wangu alikuwa anatoka kijijini na bidoni nne za mafuta ya mawese, anaingia Kasuku asubuhi ili awahi soko. Mnajua vile inakuwa: mzigo kama ule haupandwi, unasukumwa, fimbo moja imefungwa kwenye usukani, nyingine nyuma ya kiti. Kamio ikatoka nyuma mbio, ikampita karibu mno, ubavu wake ukakamata bidoni. Mjomba akaangukia mtaroni. Mkono ukavunjika, mafuta yakamwagika yote.

Watu waliokuwa pale waliona namba ya plaki. Kijana mmoja hata aliiandika kwa makaa kwenye ukuta wa duka. Lakini hakuna aliyesema twende polisi. Wazee walisema: «Ukienda kule utalipa mara mbili, kwanza mkono, halafu karatasi.» Mwenye kamio akaleta franka kidogo za dawa, tukashukuru, mambo yakaisha. Ao ni vile tulifikiri. Ule mkono haujanyooka mpaka leo. Na ile namba ilikaa ukutani mpaka mvua ikaifuta.

Mimi nilisomea historia, si sheria. Kwa hiyo swali langu lilikuwa la historia: imekuwaje mtu anayelisha muji awe wa mwisho kusikilizwa barabarani?

Kindu ni mtoto wa treni na mto. Mwaka 1906 reli ya kilomita 125 kati ya Kisangani na Ubundu, ambazo Wabelgiji waliziita Stanleyville na Ponthierville, ilikwisha kujengwa. Kutoka Ubundu meli zilipanda mto mpaka kwetu. Mwaka 1911 reli nyingine ya kampuni ya CFL ikaunganisha Kindu na Kongolo, kuelekea kusini. Mizigo ya wakubwa ilipita kwa chuma na kwa maji. Lakini kutoka gare mpaka kijijini, reli haikufika. Huko mzigo ulikwenda kwa kichwa cha mutu, na baadaye kwa kinga.

Miaka ya 1950 kinga haikuwa kitu cha maskini. Ilikuwa mali ya karani, ya mwalimu, ya muganga wa dispansari. Muzee aliyenunua kinga, kijiji kizima kilijua. Mambo yaligeuka polepole, gari lilipokuwa ndilo alama ya ukubwa, na kinga ikaachiwa mwenye kutoka jasho.

Halafu vita. Oktoba 1998 waasi wa RCD waliingia Kindu. Treni ikasimama, kamio zikapotea. Nani aliyeleta chumvi, sabuni na nguo? Nani aliyetoa mchele na mafuta kijijini? Ni watu wa kinga, waliosukuma siku nyingi porini kwa miguu. Wenzetu wa Kisangani nao walikuwa na toleka, teksi ya baiskeli, ikibeba watu mjini kote. Nasema wazi: katika miaka ile, barabara ya Maniema ilikuwa barabara ya kinga. Amani iliporudi, pikipiki zikajaa, kamio na jeep zikarudi, na yule aliyeifungua njia akasukumwa pembeni, mpaka mtaroni kama mjomba.

Wengi wetu tunafikiri sheria haimjui mwenye kinga. Si kweli. Kanuni ya adhabu ya 1940, kifungu cha 52 mpaka cha 54, inamshika mutu yeyote aliyeua ao kujeruhi kwa kukosa uangalifu, hata kama hakukusudia. Akiua, kifungo ni miezi 3 mpaka miaka 2. Akijeruhi, siku 8 mpaka mwaka 1. Tangu sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973, ni lazima kila gari na kila pikipiki kuwa na bima, ile tunaita asiransi, ya kulipa mutu aliyeumizwa. Kanuni ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Na Mkataba wa Vienna wa 1968, ambao inchi yetu iliuingia, unamdai shofere aliyepata ajali asimame, asaidie, ajitambulishe, na kama mutu ameumia, polisi waitwe.

Basi sheria ipo. Kinachokosekana ni PV. Bila PV ya polisi, asiransi itakuuliza: ajali gani? Tribinali itakuuliza: nani alisema? Zile franka za dawa walizopewa mjomba na wengine kama yeye zilinunua ukimya kwa bei ya chini sana.

Angalieni kwa wengine vile ilianza. Tarehe 30 Mei 1896, mjini New York, shofere Henry Wells alimgonga Evylyn Thomas, aliyekuwa juu ya baiskeli, akamvunja mguu. Wells alilala usiku ule kifungoni. Inahesabiwa kati ya ajali za kwanza kabisa za gari kule Marekani. Mmeona? Gari lilipoanza tu, aliyeumia alikuwa mwenye baiskeli. Na kama tunaijua ajali hiyo leo, ni juu kuna mutu aliyeiandika. Miaka 120 baadaye, mwaka 2016, polisi wa West Midlands kule Uingereza waliwapandisha askari wao baiskeli, bila uniforme. Shofere aliyewapita karibu sana alisimamishwa mbele na wenzao. Hawakungoja mutu afe kwanza.

Sisi tufanye nini na njia tuliyo nayo? Kwanza, ukigongwa ao ukikoswa-koswa, shika namba ya plaki, rangi ya gari, saa na mahali. Simu yako inapiga picha, itumie. Pili, chukua majina ya watu wawili ao watatu walioona. Tatu, nenda kwa OPJ, ndiye afisa wa polisi mwenye kazi ya kupokea malalamiko na kuandika PV. Unaweza pia kwenda moja kwa moja parke. Soma PV kabla ya kutia sahihi, na uombe namba ya faili. Usiende peke yako: msomi mmoja wa kartie akifuatana na mwenye kinga, mazungumzo yanabadilika.

Na sisi wa kinga pia tujisemeshe. Kutembea usiku bila taa, kupakia mpaka huoni mbele, kukata barabara ghafla, hayo nayo yanaua. Mutu anayedai haki yake barabarani aanze na kuiheshimu barabara.

Jambo moja linaniuma. Nilipokuja kusoma kanuni ya adhabu, niliona kwamba kosa ambalo adhabu yake haipiti mwaka 1 haliwezi tena kufuatwa kijinai mwaka 1 ukikwisha pita. Kwa mkono wa mjomba, mwaka ulikuwa umepita zamani. Tulikuwa na namba, tulikuwa na mashahidi, tulikuwa na sheria, na tuliacha mvua ifanye kazi yake.

Kwa hiyo juzi pikipiki ilipomgonga jirani yetu wa kinga, tulikwenda watu watatu, na mashahidi wetu. Tuliombwa makuta ya karatasi. Tukaomba kwa heshima risiti ya hayo makuta. Tukangojeshwa kwenye benchi mpaka saa tisa mchana. Mwishowe PV ikaandikwa. Faili bado linatembea, siwadanganyi, na sijui litafika wapi. Lakini lina namba yake, na hiyo namba haiko kwenye ukuta wa duka.

Tuko pamoja.