Krismasi ya Sinema: Miaka 50 ya Tamasha la Filamu la Manila

Alfajiri ya tarehe 24 Desemba, nje ya makanisa ya Manila, wauza bibingka huweka makaa chini na makaa juu, kama tunavyochoma mkate wa kumimina huku pwani. Hata vitu vyenyewe vinafanana: mchele na tui la nazi. Waumini wanaotoka kwenye misa ya mwisho kati ya misa tisa za alfajiri zinazotangulia Krismasi hununua kipande kingali cha moto, juu ya jani la mgomba. Kesho yake ni Krismasi. Watoto huwaamkia wazee kwa kuuchukua mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso, na wazazi wa ubatizo huwapa fedha, kama watoto wetu wanavyopewa mkono wa Idi. Fedha ile ikishaingia mfukoni, safari ni moja: sinema.

Na bango lolote watakalolikuta mlangoni siku hiyo ni la filamu ya Kifilipino. Kuanzia tarehe 25 Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari, filamu za kigeni huondolewa, isipokuwa katika kumbi chache za teknolojia maalumu. Hilo ndilo Tamasha la Filamu la Metro Manila, lililotimiza mara yake ya 50 mwaka 2024.

Mizizi yake ni ya zamani zaidi. Katika miaka ya 1960 kumbi kubwa za katikati ya mji zilikuwa mali ya Hollywood, hata kama mwenye jengo alikuwa mzalendo. Filamu za nyumbani zilisukumwa kwenye kumbi za daraja la pili. Mwaka 1966 Meya wa Manila, Antonio Villegas, alianzisha tamasha la jiji lake na kuamuru kumbi hizo kubwa zionyeshe filamu za Kifilipino peke yake kwa siku za tamasha. Iliyotangazwa bora mwaka huo ilikuwa Daigdig ng mga Api ya Gerardo de Leon, jina lenye maana ya dunia ya wanyonge. Leo filamu hiyo inahesabiwa kuwa imepotea. Sina budi kusema kwamba hasara hiyo inaniuma: sifa zake zimebaki, picha zenyewe hazipo.

Mwaka 1975 wazo la Villegas lilipanuliwa, likavuka mipaka ya jiji moja na kuingia miji jirani. Filamu ya kwanza kushinda, Diligin Mo ng Hamog ang Uhaw na Lupa, iliigizwa na Joseph Estrada, ambaye baadaye alikuwa Rais wa nchi. Desemba ya mwaka huohuo serikali ilitoa amri kwamba wafanyakazi walipwe mshahara wa mwezi wa 13 kabla ya Krismasi. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini yamesaidiana tangu hapo: mshahara wa ziada unaingia, kisha pazia linafunguliwa.

Miaka kumi ya kwanza ilikuwa ya neema, na ilikuwa neema ya ajabu, kwa sababu nchi ilikuwa chini ya mkono mzito wa Rais Ferdinand Marcos na wakaguzi wa filamu. Mwaka 1976 pekee, Ganito Kami Noon... Paano Kayo Ngayon? ya Eddie Romero ilishinda, na Insiang ya Lino Brocka, hadithi ya binti wa mtaa wa mabanda wa Tondo, ilikuwamo pia. Miaka miwili baadaye Insiang ilikwenda Cannes. Mwaka 1981 ikashinda Kisapmata ya Mike de Leon, na mwaka 1982 ikaja Himala.

Hapa naomba nisimame kidogo. Himala, yaani muujiza, iliongozwa na Ishmael Bernal kwa hadithi ya Ricky Lee. Nora Aunor anaigiza Elsa, msichana wa kijiji kilichokaushwa na ukame, anayedai kumwona Bikira Maria kilimani wakati jua limepatwa. Wagonjwa wanamiminika, wachuuzi wanafuata, kijiji kinatajirika na kuoza kwa wakati mmoja. Mwishoni Elsa anapanda kilima cha mchanga, mdogo ndani ya gauni lake, na mbele yake kuna halaiki ya watu wapatao 3,000, wote wa kweli, wamekuja kuigiza juani Ilocos Norte. Kamera haina haraka. Uso wa Nora Aunor unaanza kubeba kitu ambacho umati bado haujakijua. Filamu nzito namna hiyo ilionyeshwa siku ya Krismasi, kwa watu wa kawaida wenye watoto mapajani.

Lakini mlango uliompitisha Bernal ulipitisha na wengine. Filamu za kutisha za Shake, Rattle & Roll, zilizoanza mwaka 1984, na vichekesho vya Enteng Kabisote vya Vic Sotto vilifanywa desturi ya sikukuu, kila mara na sura mpya ya jambo lilelile. Sizidharau, watoto wanazipenda, na fedha zake zimelisha mafundi wengi. Tatizo lilikuwa vipimo. Mara mbili, mwaka 1986 na 1994, majaji waligoma kabisa kutoa tuzo ya filamu bora. Mwaka 2006 kanuni ziliyapa mapato ya tiketi uzito mkubwa, na tuzo ikaenda kwa Enteng Kabisote 3. Ugomvi uliofuata haukuisha kesho yake.

Kati ya vipindi hivyo ulikuja mwaka 1998, wa José Rizal ya Marilou Diaz-Abaya, iliyozoa tuzo 17. Rizal mwenyewe, shujaa wa taifa, aliuawa kwa risasi tarehe 30 Desemba 1896, kwa hiyo watu waliiangalia filamu yake katika juma lilelile la kumbukumbu ya kifo chake.

Mwendeshaji wa tamasha ni mamlaka ya jiji inayoshughulika pia na foleni za magari na mafuriko. Huenda ikaonekana ajabu, lakini ndiyo iliyowezesha gwaride la nyota, pale waigizaji wanapopita barabarani juu ya malori yaliyopambwa na kuwapungia watu waliopanga mstari tangu asubuhi. Sehemu ya mapato huenda kwa vyombo vya tasnia yenyewe, ukiwemo Mowelfund, mfuko wa ustawi wa wafanyakazi wa filamu.

Mwaka 2016 kamati ilithubutu. Ilichagua filamu zilizokwisha kukamilika badala ya kusoma miswada, na majina makubwa ya sikukuu yakaachwa nje. Ikashinda Sunday Beauty Queen ya Baby Ruth Villarama, filamu ya maisha halisi kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kifilipino huko Hong Kong, wanaoandaa mashindano ya urembo siku yao moja ya mapumziko. Dada zetu walioko Oman na Ghuba wangeielewa bila tafsiri. Mapato yalishuka, wenye kumbi wakalalamika, na mwaka uliofuata biashara ikarudi juu. Baadhi ya wajumbe wa kamati walijiuzulu, akiwemo Ricky Lee, yuleyule wa Himala. Kwa maoni yangu 2016 ulikuwa mwaka wa heshima kubwa kuliko yote ya karne hii, na kuuacha lilikuwa kosa.

Korona ililipeleka tamasha mtandaoni mwaka 2020. Watu walirudi taratibu, kisha kwa kishindo: toleo la 2023, lililobebwa na Rewind, lilipita peso bilioni moja. Mwaka 2024, kabla ya sherehe yenyewe, filamu 50 za zamani zilirudishwa kwenye kumbi kwa tiketi ya peso 50, na Desemba Green Bones, hadithi ya gerezani, ikatwaa tuzo kuu.

Nora Aunor alifariki Aprili 2025. Himala ilisafishwa upya mwaka 2012, na picha yake sasa ni angavu. Wewe uliyewahi kukaa sebuleni, Nairobi au Dar es Salaam, ukisubiri kipindi kijacho cha tamthilia ya Kifilipino The Promise, itafute Himala. Zima taa, na usiondoke kabla Elsa hajapanda kile kilima.