Nani Alikuwa Anafunga Geti? Homgadi wa Embu na Meru

Kila tarehe 20 Oktoba mitandao inajaa picha za Kimathi na rasta zake. Sawa kabisa, ni shujaa. Lakini ukisoma hizo posti unaweza kudhani vita vya Mau Mau vilikuwa na watu wawili tu: mpiganaji msituni na mzungu mwenye bunduki. Kuna mtu wa tatu hatumposti, na ndiye mwanakijiji wa Embu ama Meru alimuona asubuhi, mchana na usiku kuliko hao wengine wote. Homgadi.

Leo nataka tuongee kuhusu kazi yake. Siasa yake tutaifikia. Kwanza kazi: alisimama wapi, alikagua nini, alifunga nini saa ngapi. Shuleni tulikariri sababu za Mau Mau na matokeo ya Mau Mau, pointi kwa pointi, tukapata maksi zetu tukasahau. Hakuna aliyetuambia Jumanne ya kawaida mwaka wa 1955 ilikuwaje kwa mama mwenye watoto watatu chini ya Mlima Kenya.

Tuanze na kikosi chenyewe. Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Machifu, wazee wa kanisa na watu wenye mali wakaanza kukusanya wanaume wa kuwalinda. Mwaka wa 1953 serikali ikalifanya jambo hilo kuwa rasmi: kukawa na Kikuyu Guard, Embu Guard na Meru Guard, chini ya maafisa wa wilaya wazungu. Kufikia 1954 walikuwa kama 25,000 katika jamii hizo tatu. Mwanzoni wengi walibeba mikuki, pinde na panga, na ndio maana upande wa Wakikuyu waliitwa kamatimu, watu wa mikuki. Bunduki zilikuja baadaye, tena kwa wachache. Hawakuwa wanajeshi kamili na hawakuwa polisi kamili. Walikuwa polisi wa vita, na eneo lao la kazi lilikuwa mtaa waliozaliwa.

Hapo ndipo mambo yanakuwa mazito. Askari wa Lancashire hakujua wewe ni nani. Homgadi alikujua. Alijua bwanako hajaonekana tangu lini, alijua ni ng'ombe wangapi wako kwa boma lenu, alijua babako na babake walikosania mpaka gani wa shamba. Mkoloni hakuwa na kamera wala data. Alikuwa na jirani yako.

Sasa siku yenyewe. Juni 1954 serikali iliamua watu waondolewe kwa maboma yao yaliyotawanyika na kuwekwa pamoja vijijini. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishwa, kwa vijiji zaidi ya 800. Usidhani ni kijiji cha kwenda Krismasi. Ni nyumba zimebanana kwa mistari, ua wa waya au miti iliyochongwa, handaki kuzunguka, na juu yake mnara wa kuangalia. Kando yake ngome ya homgadi, nayo ina handaki lake lenye vijiti vyenye ncha kali na daraja la kuvuta.

Asubuhi geti linafunguliwa na homgadi. Kabla ya hapo hakuna kutoka, kafyu haijaisha. Watu wazima, wengi wao wanawake kwa sababu wanaume wako kizuizini, Nairobi ama msituni, wanapelekwa kazi ya lazima bila malipo: kuchimba matuta, kutengeneza barabara, kufyeka vichaka vya kujificha. Kazi mbaya zaidi ilikuwa handaki la ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya. Lilikwenda kilomita 80 hivi, refu kwenda chini kuliko mtu mzima, limejaa vijiti vilivyochongwa, kazi yake ikiwa ni kutenganisha mpiganaji na chakula. Lilichimbwa kwa mikono. Homgadi alisimama juu akihesabu watu.

Jioni unapewa muda mfupi wa shamba, maji na kuni, halafu unarudi kabla geti lifungwe. Huo muda mfupi ndio ulikuwa silaha yenyewe. Ukikosa muda wa shamba unakosa chakula, na ukikosa chakula huna cha kupelekea mtu yeyote msituni. Mifugo nayo ililala mahali pamoja chini ya ulinzi. Ukanda wa karibu na msitu ulisafishwa, na ndani ya msitu kwenyewe ulikuwa eneo marufuku: ukionekana huko unapigwa risasi bila kuulizwa jina.

Halafu makaratasi. Kutoka kijijini kwenda sokoni ama kwa dada yako ulihitaji ruhusa. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekewa vitabu vyao maalum vya pasi. Kwa hivyo kazi kubwa ya homgadi ilikuwa kusimama kwa geti ama barabarani akisema maneno ambayo wewe na mimi tumeyasikia stejini usiku: umetoka wapi, unaenda wapi, leta kitambulisho.

Usiku ulikuwa wa doria na wa kuvizia. Na kulikuwa na msako, ambapo watu walipangwa mstari na mtu aliyefunikwa gunia kichwani, mwenye matundu ya macho, akatikisa kichwa kuonyesha nani alikula kiapo. Walimwita gakunia. Akitikisa kichwa kwako, maisha yako yamebadilika, na hujui hata ni nani aliyetikisa. Katika hali hii ya hatari watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa amri ya mahakama, wengine kwa kupatikana na risasi tu au kuwa pamoja na wapiganaji. Neno la getini lingeweza kufika mbali sana.

Sasa usifikiri hii kazi ilikuwa salama kwa mwenye kuifanya. Juni 1953, huko Chuka, kati ya Embu na Meru, askari wa kampuni ya B ya kikosi cha tano cha King's African Rifles walikuwa kwa operesheni ya msitu. Walipomaliza, watu wasiopungua 20 wasio na hatia walikuwa wameuawa, na wengi kati yao walikuwa homgadi. Yaani watu waliosimama upande wa serikali waliuliwa na jeshi la serikali. Afisa wao, Gerald Griffiths, alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kifo cha mtu mwingine, akaachiliwa Novemba 1953. Kesi hiyo ilifichua kwamba askari wake walikuwa wakizawadiwa shilingi 5 kwa kila anayeuawa. Machi 1954 alishtakiwa tena kwa ukatili na kufungwa miaka 5. Kwa mauaji yenyewe ya Chuka, hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama kizimbani.

Hiyo ndiyo thamani ya kitambaa cha mkononi kikikutana na mtu ambaye kwake Waafrika wote ni sura moja.

Kwa nini basi mtu akubali kazi kama hii? Hapa ndio napingana na wale wa kusema tu "wasaliti" halafu waende. Wengine walikuwa na imani yao na hawakutaka kiapo. Wengine jamaa yao aliuawa na Mau Mau. Wengine walitaka tu kuwa upande wa ndani wa geti, kwa sababu homgadi hakuchimba handaki, alisamehewa kodi maalum waliyotozwa wengine, na watoto wake walisaidiwa karo. Na wengine walikuwa homgadi mchana na usiku wakapenyeza chakula na risasi msituni. Ukiwa na njaa na una watoto, kuchagua upande sio mdahalo wa darasani.

Lakini kuelewa sio kusafisha. Watu walipigwa, wanawake walibakwa, ng'ombe na ardhi zilichukuliwa na watu wenye hicho kitambaa. Januari 1955 Baring alitoa msamaha wa pande mbili: wapiganaji wakijisalimisha hawatanyongwa, na askari na homgadi hawatashtakiwa kwa waliyofanya kabla ya hapo. Soma hiyo tena. Mpiganaji alisamehewa kifo lakini akaenda kizuizini. Homgadi alienda nyumbani.

Na kikosi hakikufa. Kiliposhushwa bendera wakati huohuo, wengi wao waliingizwa kwa Tribal Police, askari wa chifu, na akiba yake. Ni askari wa hao, akiwa zamu ukingoni mwa msitu huko Nyeri, aliyempiga risasi Kimathi na kumkamata tarehe 21 Oktoba 1956. Mwaka wa 1958 Tribal Police ikabadilishwa jina. Jina jipya? Administration Police. Ndio, AP. Sisemi kila AP wa leo ni homgadi, wengi ni vijana kama sisi waliotafuta kazi. Nasema hiyo tabia ya kuona raia kama mshukiwa mpaka karatasi zake zimtetee ina umri, na ina mahali ilipozaliwa.

Matunda mengine yaliingia kwa siasa. Machi 1957 Waafrika walipiga kura kuchagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza. Lakini Mkikuyu, Muembu ama Mmeru alihitaji cheti cha utiifu ndio apige kura. Wameru walikuwa na vyeti vingi kuliko Wakikuyu, na Bernard Mate wa Meru akamshinda Eliud Mathu, mwanasiasa mkubwa wa wakati huo. Na kwa ardhi, mipaka ilipopimwa upya na kuandikishwa, waliokuwa kizuizini hawakuwepo kujitetea. Ile kesi ya shamba ambayo familia yenu inaendesha mpaka leo na hakuna anayetaka kueleza ilianzaje, pengine ilianzia hapo.

Wapiganaji walibaki haramu kisheria mpaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Mwaka wa 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228, baada ya majalada yaliyofichwa kule Hanslope Park kujitokeza. Hiyo ni Uingereza. Sisi kwa sisi bado hatujaketi.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka wa 1954 sasa amepita 90. Kama shosho ama guka yuko hai, weka simu chini na umuulize mambo mawili: kijiji chenu kilikuwa wapi, na geti lilifungwa na nani? Uliza kwa heshima, na akinyamaza mwache anyamaze. Akikwambia jina, usilipeleke mtandaoni, wajukuu wa huyo mtu labda ndio mnacheza nao mpira. Andika tu kwa kitabu, weka tarehe, hifadhi.

Na kama jina atakalotaja ni lake mwenyewe, bado andika.