Mafaili Yasiyotumika katika Vitabu vya Kidijitali: Suala la Historia ya Matini

Historia ya fasihi andishi ya Kiswahili, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya kuchagua na kuacha. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikusanywa katika karne ya 19 na W. E. Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua. William Hichens aliyatolea diwani mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akayarejea kwa uchambuzi mpana zaidi. Hati za Taylor hazikutupwa baada ya diwani kuchapwa. Zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha London, na kwa hiyo mhakiki ana cha kulinganisha na toleo lililochapwa. Makala haya yanahoji iwapo kitabu cha kidijitali kitawaachia wahakiki wa kesho ushahidi wa namna hiyo.

Umbo la EPUB, lililotangazwa mwaka 2007 likirithi kiwango cha Open eBook cha mwaka 1999, na ambalo tangu 2017 limo mikononi mwa W3C, ni kifurushi cha mafaili mengi yaliyobanwa pamoja. Ndani yake mna waraka wenye sehemu mbili muhimu: orodha ya mafaili ya kitabu, na mfuatano wa sura kwa utaratibu wa kusomwa. Sura hizo nazo huita picha, fonti na mafaili ya mitindo.

Kutokana na muundo huo, yapo makundi mawili ya mafaili yasiyotumika. La kwanza ni faili lililomo kifurushini bila kutajwa katika orodha. Hili ni mzamiaji: limo chomboni lakini halimo miongoni mwa abiria. La pili limetajwa katika orodha, ila hakuna sura wala mtindo unaoliita. Kuyatambua ni kazi ya ulinganifu: yaliyomo hulinganishwa na yaliyoorodheshwa, kisha yaliyoorodheshwa hulinganishwa na yale yanayofikiwa kwa kufuata viungo kuanzia sura ya kwanza. EPUBCheck, inayosimamiwa na DAISY Consortium kwa niaba ya W3C, hutoa taarifa za aina hii. Sigil, iliyoanza mwaka 2009, humwezesha mhariri kuzifuta picha zisizoitwa.

Hata hivyo, ulinganifu huo una mipaka. Mafaili ya usimamizi wa kifurushi hayaorodheshwi, wala hayo si wazamiaji. Picha ya jalada yaweza kutambulishwa katika waraka pekee, na jina la faili laweza kuundwa na programu ndogo wakati kitabu kinaposomwa. Zaidi ya hayo, chombo cha ukaguzi hupima iwapo faili linafikiwa. Hakipimi thamani yake.

Hapo ndipo penye mgogoro. Msomaji wa Keumbu, kwenye barabara ya Kisii kuelekea Keroka, anayepakua kitabu kwa simu hulipia bando. Picha kubwa isiyoonekana katika ukurasa wowote humgharimu fedha na nafasi bila kumwongezea hata neno moja. Lakini faili lisiloitwa laweza pia kuwa sura iliyoondolewa na mhariri, dibaji ya toleo la awali, au jalada lililokataliwa. Kwa lugha kama Ekegusii, ambayo vitabu vyake ni vichache vikilinganishwa na vya Kiswahili, kufuta ushahidi wa aina hiyo ni hasara isiyofidika kwa urahisi.

Yafaa basi kutenganisha nakala mbili. Nakala ya msomaji ipunguzwe uzito bila huruma. Nakala ya makavazi ibaki kamili, ikiambatana na orodha ya kila faili lililoondolewa, tarehe na sababu yake. Pasipo utaratibu huo, mhakiki atabaki na matini safi isiyo na historia, naye hatakuwa na njia ya kujua ni nini kilichoachwa, wala ni nani aliyeamua kiachwe.