Basketboli ya campo Rift: Cheki ratiba kabla uchague shule
Uko Njoro na unataka kupiga basketboli ya campo? Jua kwanza majirani wako. Egerton ni ya serikali: ilianza 1939 kama shule ya kilimo, ikawa chuo kikuu 1987. Kabarak, nje kidogo ya Nakuru, ni ya Kikristo, ilipata chata 2008. Baraton, kule Nandi, ni ya Waadventista, chata 1991.

Hapo ndio kuna noma. Sabato huanza Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jioni, so mechi ya Jumamosi mchana inagongana na ibada.

Si eti dini na basketboli ni maadui. James Naismith aliunda huu mchezo 1891 kwa shule ya YMCA, Marekani. Kabla ujaze fomu msee, uliza timu hucheza siku gani.