Heda katika Pikapu za Marekani

Heda, yaani mkusanyiko wa mabomba yanayofungwa ubavuni mwa injini ili kila silinda ipate njia yake ya kutolea moshi, ilizaliwa katika magari ya mbio wala si katika magari ya mizigo, na asili hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mwenye pikapu nchini Marekani anayefikiria kuinunua hujikuta akipima faida iliyokadiriwa kwa kazi isiyo yake. Kiwandani kazi hiyo hufanywa na manifoldi, kipande kimoja cha chuma cha kusubu kinachokusanya moshi wa silinda zote za upande mmoja na kuutoa kwa mdomo mmoja. Manifoldi ni nzito, lakini ni rahisi kutengeneza, hufisha kelele na hudumu miaka mingi. Kasoro yake kuu ni kwamba moshi wa silinda moja hugongana na wa jirani yake kabla haujapata pa kupitia.

Kasoro za namna hiyo zilidhihirika katika injini ya Ford V8 iliyotoka mwaka 1932 ikiwa na nguvu za farasi 65, ambayo iliwapa watu wa kipato cha kawaida silinda nane kwa mara ya kwanza. Valvu zake zilikaa ndani ya bloku, kando ya silinda, kwa hiyo moshi ulilazimika kupenya katikati ya bloku, pembeni mwa maji ya kupozea, ndipo utoke nje. Tena silinda mbili za katikati za kila upande zilitumia tundu moja, hivyo silinda nne zikawa na matundu matatu tu, na injini ikawa na sifa ya kuchemka upesi. Vijana wa kusini mwa California, waliokuwa wakishindana kwenye sakafu za maziwa makavu ya jangwa la Mojave, hasa Muroc, na ambao vilabu vyao viliungana mwaka 1937 kuwa chama cha SCTA, hawakuwa na uwezo wa kusubu bloku nyingine, ila mabomba waliweza kuyakata, kuyapinda na kuyachomelea wenyewe.

Kilichopatikana kwa mabomba hayo hakikuwa upana wa njia peke yake. Valvu ya kutolea moshi inapofunguka, mgandamizo hukimbia ndani ya bomba kama wimbi, na wimbi hilo likifika pale bomba linapopanuka ghafla, sehemu yake hurudi nyuma ikiwa mvuto. Mvuto huo ukiwasili valvuni wakati valvu ya kuingizia hewa imeanza kufunguka na ile ya moshi haijafunga, hunyonya masalia ya moshi na kuvuta hewa mpya ndani ya silinda. Lakini wimbi huenda kwa mwendo wake bila kujali injini inazunguka kwa kasi gani, na kwa sababu hiyo bomba la urefu fulani huleta manufaa kwenye mizunguko fulani tu: bomba refu na jembamba husaidia injini inayozunguka polepole, fupi na pana husaidia inayozunguka kwa kasi. Fundi aliyepima heda kwa ajili ya gari la mbio alikuwa amekwisha kuamua, hata kama hakutamka, kwamba gari hilo halitavuta trela.

Katika injini ndogo ya V8 ambayo Chevrolet iliitoa mwaka 1955, silinda huwaka kwa mpangilio wa 1, 8, 4, 3, 6, 5, 7, 2, na zile za namba witiri zote ziko upande wa kushoto. Namba 5 na 7, ambazo ni mbili za mwisho kwa nyuma na zimekaa bega kwa bega, huwaka moja baada ya nyingine kwa tofauti ya nyuzi 90 tu za mzunguko, kwa hiyo ndani ya manifoldi pumzi ya namba 7 huizukia namba 5 kabla haijamaliza kutoa moshi wake. Heda yenye mabomba manne hutenganisha majirani hao na kuwakutanisha mbali zaidi. Hapo biashara ilikuwa imekwisha kupata wenyewe: Bob Hedman alikuwa ameanzisha kampuni yake California mwaka 1954, akaziita bidhaa zake Hedders, kwa herufi d mbili, na kwa kuwa injini hiyohiyo ya Chevrolet ilianza mwaka 1955 kutolewa pia katika pikapu, bidhaa ya uwanja wa mbio ikaingia kwenye gari la shamba pasipo mtu kuuliza kama mahitaji yao yanafanana.

Hayakufanana. Pikapu inayopanda mlima na mzigo hufanya kazi kwenye mizunguko ya chini, ambako kinachotafutwa ni nguvu ya kuzungusha, ilhali heda nyingi za wakati huo zilionyesha ubora wake pale ambapo dereva wa mizigo hafiki. Isitoshe, bati lake jembamba lilipitisha joto kuliko chuma cha kusubu, likiunguza waya za plagi na kuichosha stata iliyokaa karibu. Flanji ilijipinda, bolti zikalegea, gasketi ikaungua, na ule mlio wa tiki-tiki wa asubuhi injini ikiwa baridi ukawa alama ya gari lenye heda. Ni haki kuongeza kwamba takwimu zilizovutia wanunuzi hazikupotoshwa na wauza vipuri peke yao, kwani hadi mwaka 1972, viwanda vilipoanza kutangaza nguvu za farasi kwa kipimo kipya, nguvu hizo zilikuwa zikipimwa injini ikiwa juu ya kiunzi, bila silensa na mara nyingi ikiwa na mabomba huria ya majaribio ambayo mnunuzi hakuyapata pamoja na gari.

Sheria ya Hewa Safi, iliyotiwa saini tarehe 31 Desemba 1970, ndiyo iliyoubadilisha uamuzi huu kuliko uvumbuzi wowote wa karakana. Magari ya mwaka 1975 yalianza kufungwa kisafisha-moshi, kile kifaa ambacho mafundi wa Tanzania hukiita masega kwa sababu ya vitundu vyake, na kifaa hicho hakivumilii petroli yenye risasi. Mwaka huohuo Ford ilitoa pikapu iliyoitwa F-150, ikiwa na uzito halali, yaani gari pamoja na mzigo wake, uliozidi kidogo tu pauni 6,000, ambao ndio uliokuwa mpaka wa masharti hayo. Gari likaendelea kutumia petroli ya zamani bila masega. Ni vigumu kupata mfano bora wa gari lililoundwa kwa rula ya mwanasheria, na kwa miaka michache mwenye pikapu ya aina hiyo alibaki na uhuru ambao mwenye gari dogo alikuwa amenyang'anywa, mpaka mwaka 1979 mpaka uliposogezwa hadi pauni 8,500.

Tangu hapo urefu wa bomba ukawa jambo la kisheria. Heda ndefu, ambayo ndiyo inayofaa zaidi mizunguko ya chini na kwa hiyo ndiyo inayomfaa mvuta mizigo, hulazimisha masega yasogezwe nyuma au yaondolewe, na kuyaondoa kulikatazwa hata kwa mtu binafsi na marekebisho ya sheria ya mwaka 1990. Kuanzia mwaka 1996, magari yote mapya madogo pamoja na pikapu nyepesi yalifungwa mfumo wa kompyuta wa OBD-II, wenye kihisi cha oksijeni nyuma ya masega, ambacho huwasha taa kwenye dashibodi moshi usiposafishwa ipasavyo. Heda fupi, inayoishia palepale manifoldi ilipoishia, iliruhusiwa California endapo mtengenezaji amepata namba ya kibali kutoka bodi ya jimbo inayosimamia usafi wa hewa. Lakini kwa ufupi wake hupoteza sehemu kubwa ya faida ya wimbi iliyowafanya vijana wa Muroc kukata mabomba, na manifoldi za viwandani nazo zimeboreshwa kiasi kwamba pengo lililobaki ni dogo.

Wengi wanaoifunga leo katika pikapu zilizochakaa hawatafuti mbio hata kidogo. Chuma cha kusubu kikipata moto na kupoa kwa miaka mingi hujipinda, na kujipinda huko hukata bolti za mwisho, hasa za nyuma karibu na ukuta wa kabini ya dereva, mahali ambapo mkono hauingii. Kisiki cha bolti kikishatobolewa na kutolewa kichwani mwa injini, na manifoldi iliyopinda ikiwa chini sakafuni, fundi hulazimika kufunga kitu kingine, na mwenye gari huulizwa bei mbili. Akichagua heda, kibandiko chenye namba ya kibali hubandikwa chini ya boneti, mahali ambapo mkaguzi wa moshi atakisoma kwa tochi.